Askari Aliyevua Sare na Paa la Kumsitiri: Nasaha kwa Watu wa Rusizi

Mahali ambapo Mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu na kuitenga Kamembe na Bukavu pana daraja ambalo kwa muda wa karibu miaka thelathini limepitisha, pamoja na wachuuzi wa nyanya, samaki na vitenge, wanaume waliokabidhi bunduki zao ng'ambo na kurejea katika nchi waliyoiacha wangali vijana. Nao hufika na mfuko mmoja begani, aghalabu na mke na watoto ambao hawajapata kuiona nchi hiyo kamwe, na swali lililo kubwa katika nyoyo zao ni wapi watakapolala siku watakapotoka kambini. Fauka ya hao wapo wengine, nao ni wengi zaidi, waliolitumikia jeshi la nchi hii lenyewe, wakapewa ruhusa kwa heshima, wakavua sare, wakashuka garini Kamembe au Bugarama pasi na kuwa na kilima wanachoweza kukiita chao. Mtaani wote huitwa abademobe, na mtaa haujali sana nani alitoka wapi. Makala haya nawaandikia wao, wake zao, wajane wao, na wale viongozi wa umudugudu na umurenge ambao hubishiwa hodi asubuhi na mtu asiye na mahali pa kulaza ubavu.

Rai yangu ni moja, na yote yatakayofuata ni sherehe yake: nyumba ya askari aliyerudi huanza kwa karatasi, kisha kiwanja, na mabati huja mwisho, ilhali wengi wetu huanza kwa kuyangoja mabati, na katika kungoja huko miaka hupita, shahidi aliyejua mpaka wa shamba hufariki, na haki iliyokuwa nyepesi kuthibitishwa hugeuka kuwa kesi.

Serikali haikulipuuza jambo hili. Mwaka 1997, mapigano ya kaskazini-magharibi yakiwa hayajazimika, iliundwa Tume ya Kuwaruhusu Askari na Kuwarudisha katika Maisha ya Kiraia, ambayo katika awamu yake ya kwanza, hata kufika 2001, iliwaruhusu askari 18,692. Awamu ya pili ikafuata mwaka 2002, mwaka ule ule ambao mapatano ya Pretoria yalitiwa saini baina ya Kigali na Kinshasa, nayo ikawajumuisha askari wa jeshi jipya, wale wa jeshi la zamani lililoshindwa 1994, na wapiganaji waliokuwa wakitoka katika misitu ya Kongo. Na awamu ya tatu ikaanza 2009. Kwa muda mrefu tume hiyo iliongozwa na marehemu Jean Sayinzoga, aliyefariki mwaka 2017. Wapiganaji wanaorudi hupelekwa Mutobo, huko Musanze, wakakaa miezi kadhaa wakifunzwa sheria za nchi, kuweka akiba na kazi za mikono; na familia zao, hususan katika misafara mikubwa ya mwisho wa 2018 na mwisho wa 2019, zilipokelewa hapa kwetu, katika kambi ya Nyarushishi, mahali ambapo wazee wa Nkungu hawahitaji kusimuliwa ni nani walikusanywa hapo mwaka 1994 na kwa hofu gani.

Yafaa tutambue kwamba ukosefu wa maskani una asili mbili, na dawa ya mmoja haimfai mwingine. Wako askari waliozaliwa uhamishoni, Uganda, Kongo, Burundi au Tanzania, wana wa waliokimbia tangu 1959, ambao waliingia nchini na jeshi lililoshinda na kukuta kwamba ardhi ya babu zao ina watu. Mapatano ya Arusha, katika itifaki iliyotiwa saini Juni 1993, yalikuwa yamependekeza kwamba waliotoka nchini kwa zaidi ya miaka 10 wasidai mashamba ambayo wengine wamekwisha kuyakalia, na kwamba serikali iwatafutie mahali pengine. Kwao hao ardhi ya ukoo ilikuwa hadithi ya bibi jioni, na kama walipata nyumba waliipata katika imidugudu, ile sera ya makazi ya pamoja iliyopitishwa Desemba 1996, au hawakupata. Kundi la pili ni la waliovuka daraja kwenda magharibi mwaka 1994, ambao ardhi wanayo, au waliwahi kuwa nayo, ila katika kukosekana kwao ndugu mdogo ameilima, ameiandikisha kwa jina lake, pengine ameiuza kipande kimoja akajengea kingine. Huyu wa pili hana nyumba ingawa ana urithi. Wa kwanza hana urithi ingawa pengine ana pensheni au malipo ya kutambuliwa utumishi wake, yaliyokadiriwa kwa cheo. Basi kila mmoja ajijue ni wa kundi gani kabla hajainuka kwenda ofisini.

Nianze na wale ambao serikali imewawekea nyumba kwa sheria, kwa sababu hapa kuna kutokuelewana kwingi. Sheria nambari 02/2007, ya tarehe 20 Januari 2007, inawahusu waliopata ulemavu kwa sababu ya vita, na inawapanga kwa madaraja kwa kadiri ya ulemavu wao. Walio katika madaraja ya juu, yaani walioumia zaidi, ndio ambao tume imekuwa ikiwajengea nyumba na kuwapa posho ya kila mwezi, na baadhi yao wanakaa katika vijiji maalumu, kama kile cha Nyarugunga mjini Kigali, penye warsha na ushirika wa kazi. Asiye na ulemavu hakuahidiwa nyumba na sheria hii, wala si haki kumlaumu mkuu wa umurenge kwa kutompa kisichoandikwa. Lakini wako watu, na hili ndilo linalonisikitisha, wenye vipande vya chuma mwilini, wasiosikia sikio moja, wasioweza kupandisha ndoo ya maji kutoka bondeni, ambao hawakupata kufika mbele ya madaktari wapimao ulemavu, ama kwa aibu ama kwa kudhani kwamba kilema ni kukatwa mguu tu. Nasaha yangu kwao ni kwamba waende hospitali ya Gihundwe au Mibilizi, waombe maandishi ya daktari, na kwa maandishi hayo waombe kupimwa. Na aliyepimwa zamani, kisha hali yake ikazidi kuwa mbaya, aombe kupimwa tena, maana jeraha la kichwa la umri wa miaka ishirini na mitano si lile lile katika umri wa hamsini. Mke amsindikize. Askari mbele ya daktari huwa na tabia ya kusema hajambo.

Habari ya karatasi ni ya zamani kuliko Rwanda tuijuayo leo. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari Waafrika waliopigana chini ya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck katika vita vya 1914 hata 1918, na ofisi ikafunguliwa Mwanza, wakaja wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na vyeti, wengine vipande vya sare zilizoliwa na mende, na wengi hawakuwa na chochote. Inasimuliwa kwamba yule mwenye kulipa fedha alimpa kila mmoja ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani ashike silaha na kuonyesha gwaride, na hapana aliyeshindwa. Ni kisa cha kupendeza, lakini msomaji wangu asitaraji kukutana na karani wa namna ile Kamembe. Kadi ya kuruhusiwa jeshini, ile ambayo wengine huiweka ndani ya Biblia au Msahafu na wengine wameipoteza katika mvua ya kwanza, iepushwe na hatari hiyo leo: itolewe nakala, nakala ithibitishwe na noteri, moja akae nayo mke na moja ndugu mwaminifu. Aliyeipoteza aende kwanza polisi akaandikishe upotevu, ndipo aiandikie tume. Kitambulisho cha taifa na mitiweli visichelewe, maadam bila kitambulisho hakuna ombi la ardhi litakalopokelewa, wala huduma ya Irembo haitafunguka.

Liko na jambo la ndoa, ambalo wanaume hulichukulia kwa wepesi. Mwanamke uliyemwoa Shabunda au Walikale kwa mahari na baraka ya mchungaji, ukazaa naye watoto wanne, mbele ya sheria ya Rwanda hajawa mke mpaka mkaapa pamoja mbele ya ofisa wa umurenge. Na asipokuwa mke hana haki ya ndoa ya jina lake kuandikwa katika hati ya ardhi pamoja na lako, na siku utakapokufa yeye na watoto wasioandikishwa watakuwa wageni katika nyumba waliyobeba matofali yake. Mirenge huwa na siku za kuwaapisha watu wengi kwa pamoja, pasi na gharama ya sherehe. Basi funga ndoa kabla ya kufunga kenchi.

Sasa tuingie katika ardhi, ambako ndiko kwenye kitovu cha suala lote. Baina ya 2009 na 2013 nchi nzima iliandikishwa, vipande zaidi ya milioni 10, kila kimoja na nambari yake, jambo ambalo nchi nyingi jirani hazijalifikia. Na muda ule wa kuandikisha wengi wa wasomaji wangu walikuwa msituni. Tuseme mtu wa Gashonga amerudi, amekuta kwamba shamba la baba yao, kutoka mgomba ule wa mpakani hadi kijitoni, limeandikwa jina la mdogo wake. Akija na hasira, akasimama ugani na kusema kwa sauti ya kusikiwa na jirani, "Umeniibia, ulidhani nimekufa," ameharibu kesi yake kabla haijaanza, kwa sababu mdogo mtu, aliyebaki akamzika baba na kumwuguza mama, naye ana yake ya kusema, na majirani walimwona akiyafanya hayo. Bora aanze kwa shangazi, kama yu hai, au baba mdogo. Aombe kikao cha ukoo. Na kikaoni aanze kwa kuhani marehemu waliozikwa yeye hayupo. Kisha aseme, "Mdogo wangu, nakushukuru kwa kumtunza mama. Sikuwapo ninyi mlipokuwa mkihangaika. Sikuja kukutoa ulipojenga. Naomba unionyeshe mahali ambapo baba angenikatia." Nimewaona watu waliopata robo ya shamba kwa maneno ya aina hii, na wengine waliopoteza lote kwa kudai lote.

Wakikubaliana, makubaliano yaandikwe siku ile ile, mashahidi watie sahihi, na dada wasisahauliwe, kwa kuwa tangu sheria ya mirathi ya 1999 binti hurithi sawa na mwana, na kikao kilichowaruka akina dada ni kikao kitakachorudiwa mbele ya hakimu. Yale maandishi yapelekwe kwa noteri wa ardhi ili kipande kikatwe na hati itoke, kwani karatasi ya ukoo peke yake haimzuii mtu kuuza. Wasipokubaliana, mlango wa pili ni abunzi wa akagari, wasuluhishi waliochaguliwa na wananchi, wasiolipwa na wasiotoza, ambao husikiliza migogoro ya ardhi ya thamani isiyozidi faranga 3,000,000. Asiyeridhika hupanda kwa abunzi wa umurenge, na baada yao mahakamani. Heri kupeleka kwao mashahidi watatu wazee kuliko kupeleka wakili. Na kama shamba halikushikwa na ndugu yeyote, likawekwa chini ya uangalizi wa serikali kuwa ni mali iliyoachwa na mwenyewe, hilo hudaiwa wilayani kwa utaratibu wake, tena lipo tumaini kubwa zaidi la kurudishiwa, kwa sababu hapo hukabiliani na machozi ya mtu.

Kwa yule wa kundi la kwanza, asiye na kilima, njia ni kununua, na hapa ndipo fedha ya kuondokea jeshini inapoyeyuka. Wapiganaji wanaotoka Mutobo, katika awamu ya tatu, walipewa faranga 60,000 za kuanzia maisha na baadaye 120,000 za kujiendeleza. Askari wa jeshi la taifa hupata zaidi kwa kadiri ya cheo na miaka. Viwango hubadilika, basi kila mtu aulize vyake. Lakini hata vikiwa vikubwa kiasi gani, ni fedha ya mara moja, na Kamembe inajua siku inapofika. Wenye baa wanajua, wauza simu wanajua, na madalali wa viwanja, hao wanaojiita makomisioneri, wanajua kuliko wote. Fedha hiyo iingie SACCO ya umurenge siku ile ile, ikae humo mpaka kiwanja kimetazamwa mchana, wakati wa mvua, pamoja na jirani wa pande zote nne. Nambari ya kipande iangaliwe kwa jina la mwenye hati. Na malipo yafanyike mbele ya noteri, muuzaji akiwa na mkewe, kwa sababu uuzaji ambao mke hakuutia sahihi ni uuzaji ambao mke anaweza kuutengua. Barua ya mkono iliyoandikwa kwenye meza ya kilabu, hata ikiwa na mashahidi kumi na chupa zao, usiikubali.

Kununua kiwanja ni kugumu Kamembe mjini, penye bei iliyopandishwa na biashara ya mpakani. Nzahaha, Gikundamvura, Butare na Bweyeye bado pananunulika, ingawa Bweyeye iko mbali, na msitu wa Nyungwe unaitenga na soko. Bugarama ina mpunga, kiwanda cha saruji cha CIMERWA na kazi za vibarua, lakini ina joto, mbu na mafuriko. Mwenye mguu mbovu asijinunulie ukingo wa kilima kwa ajili ya mandhari.

Juu ya ujenzi nitasema machache, ila moja nitalitilia mkazo. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, watu wakiwa makanisani, tetemeko la ardhi lilipiga Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, kuta za matofali mabichi zikaporomoka, na makumi ya watu wakafa. Rukarakara, tofali hilo bichi, si tofali baya. Ubaya ni kuliweka juu ya udongo mtupu na kulifunika kwa paa lisilofungwa. Msingi wa mawe uinuke juu ya maji ya mvua, pembe zishikane, mkanda wa mbao au wa zege uzunguke kuta zote juu ya milango na madirisha, na nyumba iwe ndogo. Vyumba viwili vilivyokamilika ni bora kuliko vitano vilivyoishia kwenye linta, na hivyo vya pili katika umudugudu wetu ni vingi. Ruhusa ya kujenga iombwe mapema, mahali palipotengwa kwa makazi, maana nyumba iliyojengwa penye shamba huweza kubomolewa, na askari aliyebomolewa nyumba ni mtu niliyeshindwa kumfariji. Kwa nguvu kazi usione haya kuomba umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Inkeragutabara, wenzako wa jeshi la akiba, nao wamejenga nyumba nyingi za wasiojiweza, na mwenye kusema mapema katika mkutano wa isibo lake huandikwa mapema.

Nigeukie viongozi kidogo. Marekani, nchi yenye wastaafu wa vita wengi na fedha nyingi, ilihesabu karibu 74,000 kati yao wasio na makazi mwaka 2010, na chini ya 33,000 mwaka 2024, na upungufu huo ulitokana zaidi na utaratibu wa kumpa mtu kwanza kodi ya chumba, kisha ndipo kumfuata humo ndani kwa matibabu na ushauri. Sisi hatuna fedha ile, lakini mpangilio wake twaweza kuufuata. Mtu anayelala kwenye veranda ya duka hawezi kuhudhuria kikao cha abunzi akiwa na akili timamu. Basi viongozi wa akagari wamtafutie chumba cha kupanga kwa miezi mitatu, kwa mchango wa isibo au kwa mfuko wa VUP, wakati karatasi zake zinatafutwa. Na nyumba mnazowajengea askari hawa msiziweke pembeni mahali pasipo na shule wala kisima, wala msiwakusanye mahali pamoja wasipotaka. Vijiji vya walemavu vina warsha na faida yake, lakini nimesikia wazee wakisema kwamba humo watu huishia kuzungumza habari za vita tu, wakati dada yake mtu anaishi Mururu na angefurahi kumpa kiwanja cha nyumba moja.

Mwisho nawakumbusha wajane. Mume akifa na hati ina majina mawili, usiruhusu shemeji aichukue "kwenda kuitunza". Ndani ya siku chache nenda umurenge ukaandikishe kifo, chukua cheti chake, na kwa cheti hicho uliza mambo mawili kwa wakati mmoja: kuhamisha hati, na kama ipo stahili yoyote ya marehemu iliyosalia katika tume au jeshini. Ukijibiwa kwa mdomo kwamba haipo, omba jibu hilo kwa maandishi, lenye tarehe na mhuri.